Karani na 'Mufungwa': Lugha na Hesabu ya Siku Kizuizini, kutoka Kiambi hadi Kalemie

Makala haya yanahusu kazi ya karani mkuu wa mahakama na gereza katika upande wa kaskazini wa Katanga ya zamani, yaani eneo ambalo tangu 2015 linaitwa jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inadaiwa hapa kwamba uhuru wa mtu aliyekamatwa katika sehemu hizo hutegemea matendo mawili ambayo kwa nje huonekana madogo: kugeuza maneno ya Kiswahili kuwa maandishi ya Kifaransa, na kuhesabu siku. Hakimu huamua na mwendesha mashtaka hushitaki, lakini matendo hayo mawili kwa kawaida hutendwa na karani. Wanasheria humpita wakimtafuta hakimu, na wanaisimu humpita wakitafuta msemaji wa kawaida wa Kiswahili cha Katanga. Kwa hiyo mtu anayesimama hasa pale lugha na sheria zinapokutana hubaki bila kutazamwa.

Kiambi ni mfano unaofaa kwa sababu ya mahali ilipo. Iko kwenye mto Luvua, ambao hutoka ziwa Mweru na kuingia Lualaba karibu na Ankoro. Vyombo vilivyopanda kutoka Ankoro viliweza kufika Kiambi, na juu ya hapo maporomoko yalizuia njia. Kiutawala Kiambi imo katika teritori ya Manono, na makao makuu ya jimbo yako Kalemie, mbali upande wa mashariki, kwenye ufuo wa ziwa Tanganyika. Lugha za nyumbani ni Kiluba na lugha zilizo jirani nacho. Kiswahili ni lugha ya soko, ya safari na ya polisi. Kifaransa ni lugha ya karatasi. Mtu akikamatwa Kiambi, kesi yake itasafiri kwa lugha mbili au tatu na kwa barabara ambayo wakati wa masika haina huruma.

Sheria yenyewe inaijua safari hiyo. Kanuni ya mwenendo wa mashauri ya jinai, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, inasema kwamba mtu aliyetolewa hati ya kukamatwa ya muda lazima afikishwe mbele ya hakimu kabla ya siku tano kwisha, ikiwa hakimu na mwendesha mashtaka wako mahali pamoja. Ikiwa hawako pamoja, siku hizo tano huongezewa muda ambao ni wa lazima kabisa kwa safari. Maneno hayo ya mwisho ni mafupi, lakini ndani yake mna nafasi ya kumpoteza mtu. Safari ya lazima ni siku ngapi? Je, mvua inahesabiwa? Je, ukosefu wa mafuta ya pikipiki unahesabiwa? Jibu halimo katika kanuni. Litakuwa katika tarehe ambazo karani ameziandika, au hakuziandika, pembeni mwa hati.

Neno 'karani' lenyewe lilifika huku kwa njia ya biashara. Ni neno la pwani lenye asili katika lugha za ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na lilipanda bara pamoja na misafara ya karne ya 19 hadi Ujiji na kuvuka ziwa. Karani wa msafara aliandika mizigo na majina ya wapagazi. Utawala wa Kibelgiji ulimkuta tayari ana jina, ukampa daftari jingine. Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipozipanga mahakama za wenyeji, za machifu na za teritori, karani ndiye aliyekuwa mkono wake wa kuandika. Waamuzi walikuwa wazee wenye heshima ambao wengi wao hawakusoma, na hukumu yao iliishi kwa kadiri karani alivyoiandika. Tabia hiyo haijafutika. Mpaka leo mwanakijiji aliye na shauri huuliza kwanza karani yuko wapi, kisha hakimu.

Katika muundo wa sasa, uliowekwa na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mahakama, kila mji na kila teritori hutarajiwa kuwa na mahakama ya amani, ingawa sheria hiyo hiyo inaruhusu mahakama moja ihudumie teritori zaidi ya moja. Juu yake kuna mahakama kuu ya mkoa na mahakama ya rufani. Kila mahakama ina masijala, na masijala ina karani mkuu ambaye Kifaransa humwita greffier. Hakimu haketi bila yeye, na hukumu ambayo haina saini yake ina kasoro. Upande wa mwendesha mashtaka kuna katibu mwenye kazi inayofanana na hiyo, na gerezani kuna karani wa daftari la kuingia na kutoka. Jina moja la Kiswahili huwafunika wote watatu, jambo linalomchanganya mgeni lakini halimsumbui mwenyeji, kwa kuwa kwake wote watatu wanashika kalamu ile ile.

Karatasi hutembea hivi. Ofisa wa polisi ya mahakama humhoji mtu na kuandika maelezo. Faili inapofika kwa mwendesha mashtaka hupewa namba katika daftari lake, namba inayotanguliwa na herufi RMP. Ikipelekwa mahakamani hupata namba nyingine, RP. Gerezani mtu huandikwa tena, na safari hii jina lake lazima lilingane na hati iliyomleta. Namba na jina ndivyo vinavyounganisha mwili uliomo ndani ya ukuta na faili iliyo katika kabati la mji mwingine. Uzi huo ukikatika, mtu yupo lakini kesi yake haipo.

Nao hukatika kwa urahisi. Majina ya Kiluba huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Mtu yule yule anaweza kuwa Kiungu katika karatasi ya polisi na Kyungu katika amri ya mahakama. Fomu hutaka jina la baba na la mama, kijiji, kikundi cha vijiji, sekta na teritori. Mtu akiulizwa baba yake ni nani, kwa adabu ya kwao anaweza kumtaja ndugu wa baba aliyemlea, naye hasemi uongo. Halafu amri ya kumwachilia inafika ikiwa na jina la baba mzazi, na mlinzi wa lango, ambaye ataadhibiwa akimtoa mtu asiyehusika, anaona ni salama zaidi kumbakiza. Karani mkuu mwenye uzoefu huandika majina yote mawili tangu siku ya kwanza. Hilo halifundishwi katika kitabu chochote cha sheria.

Sasa hesabu ya siku. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 18, inasema kizuizi cha polisi kisizidi saa 48. Ugumu wa kwanza unatoka katika Kiswahili chenyewe. Kwa hesabu ya Kiswahili, saa kumi na moja jioni ni saa 17 ya Kifaransa, na saa kumi na moja alfajiri ni saa 5. Shahidi akisema tu kwamba fulani alichukuliwa 'saa kumi na moja', na mwandishi akaandika saa 11 bila kuuliza, saa sita zimekosewa, mbele au nyuma. Katika muda wa saa 48, saa sita ni sehemu ya nane.

Ugumu wa pili ni wa kanuni. Amri ya hakimu ya kumweka mtu kizuizini kabla ya hukumu hudumu siku 15, na siku ambayo amri imetolewa imo ndani ya hesabu. Amri ya tarehe 10 Machi basi inakwisha tarehe 24, lakini karani anayejumlisha 10 na 15 ataandika tarehe 25. Siku moja ya mtu imekwenda kwa kosa la hesabu ya darasa la tatu. Baada ya hapo kizuizi huweza kuongezwa mwezi mmoja mmoja. Kwa makosa yenye adhabu ya miezi sita au zaidi, hakiongezwi zaidi ya mara tatu mfululizo, isipokuwa hakimu mwenye mamlaka akiidhinisha katika kikao cha hadhara. Hakimu ana mafaili mengi na hakumbuki kila tarehe. Anayepaswa kumkumbusha ni karani, na karani hukumbuka kwa daftari. Pale ambapo daftari lililochapishwa limekwisha, na karani ananunua la shule kwa fedha zake na kulichora mistari kwa rula, uhai wa kanuni ya siku 15 umo katika mistari hiyo.

Haifai kulizungumza jambo hili kana kwamba ni uzembe mtupu. Katika idara ya sheria ya Kongo wamekuwapo kwa miaka mingi makarani wanaofanya kazi bila kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Mtu wa namna hiyo anashika kalamu inayoweza kumtoa mwenzake gerezani, na nyumbani kwake hakuna unga. Ada ndogo isiyo na stakabadhi huzaliwa hapo. Ni rahisi kumlaumu. Ni vigumu zaidi kueleza kwa nini wengi wao bado huja kazini kila asubuhi na kufungua daftari.

Lakini kwa msomaji wa jarida hili sehemu nzito zaidi ni ya lugha. Ibara ile ile ya 18 inataka aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika ibara ya kwanza ya Katiba, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kichiluba, na Kifaransa ndicho lugha rasmi. Kwa hiyo mahojiano ni ya Kiswahili na maandishi ni ya Kifaransa. Mkalimani aliyeapishwa akikosekana, na mara nyingi hukosekana, kazi humwangukia anayeandika.

Tazama neno 'mufungwa'. Katika Kiswahili cha Katanga hutumika kwa mtu yeyote aliye ndani, awe amekamatwa jana au amehukumiwa miaka kumi. Mahali penyewe huitwa buloko, na neno hilo pia halibagui. Sheria, kinyume chake, huishi kwa kubagua: kuna anayeshukiwa, kuna aliyeshitakiwa mbele ya mahakama, kuna aliyehukumiwa, na kila mmoja ana haki zake. Tanzania ina jozi iliyozoeleka hata sokoni, mahabusu na mfungwa, ya kwanza kutoka Kiarabu na ya pili ya Kibantu, na mtu asiye msomi hujua kwamba mahabusu bado hajahukumiwa. Magharibi ya ziwa jozi hiyo haikushika. Matokeo yake si ya kamusi tu. Familia inayoambiwa kwamba mtoto wao ni 'mufungwa' huamini shauri limekwisha, hukaa nyumbani, na haiendi kuuliza tarehe yake. Kwa mtu ambaye amri yake ya siku 15 imekwisha kitambo, kuulizwa na ndugu ndiko kungemtoa.

Au tazama kitenzi 'kukubali'. Kijana akisema 'nilikubali', huenda anamaanisha alikiri kosa, au alikubaliana na wenzake kwenda mahali fulani, au alitii tu alipoamriwa na mwenye bunduki. Kifaransa cha maelezo ya polisi kina fomula moja iliyo tayari, kwamba mhusika anakiri mambo anayoshitakiwa, na kalamu iliyochoka huiendea hiyo. Vivyo hivyo 'kukamata', ambalo kwa msemaji wa Dar es Salaam lina nguvu ya kutia mbaroni, Katanga husemwa kila siku kwa maana ya kupokea au kuchukua. 'Alikamata mali' inaweza kuwa alipokea fedha alizopewa. Ikiandikwa kwamba alizitwaa kwa nguvu, wizi umekwisha kuzaliwa kabla hakimu hajafungua faili.

Wako wanaosema tiba ni kuwafundisha makarani Kifaransa bora zaidi. Maoni hayo yanakosea mahali pa ugonjwa. Karani katika mifano hii anajua Kifaransa vya kutosha. Kinachokosekana ni istilahi za Kiswahili zilizokubaliwa, ambazo zingemlazimisha kuuliza swali la pili kabla ya kuandika. Tanzania ilizijenga polepole kupitia mahakama za mwanzo, ambazo huendeshwa kwa Kiswahili, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Istilahi hizo haziwezi kuhamishiwa Manono zilivyo, kwa sababu mfumo wa Kongo ni wa Kibelgiji na ngazi zake hazilingani na za Tanzania. Mahabusu ataeleweka akifafanuliwa. Wakili wa serikali hataeleweka, kwa kuwa cheo hicho hakipo. Kazi inayotakiwa ni ya kukaa na makarani wenyewe, faili kwa faili, na kuandika maneno ambayo tayari wanayatumia vizuri.

Kwa maana wako wanaoyatumia vizuri, hasa pale hukumu inapotolewa. Aliyehukumiwa mbele ya mahakama ana siku kumi za kukata rufani, na tamko lake laweza kuwa la mdomo, mbele ya karani. Anaweza pia, akiwa ametumikia robo ya kifungo na zaidi ya miezi mitatu ndani, kufikiriwa kwa kuachiliwa kwa masharti. Hakimu husoma hukumu kwa Kifaransa na kuondoka. Karani aliye mwangalifu humzuia mtu mlangoni kabla askari hawajamchukua, na kumweleza kwa Kiswahili, na kwa Kiluba ikibidi, kwamba kesho ni siku ya kwanza, kisha humuuliza kama anataka iandikwe.