Simu Inayojibu Yenyewe: Ilianzaje, na Itakufaaje?

Msomaji, tuseme umeamka alfajiri ukakuta ng'ombe wako analia, anapanda wenzake, na akipandwa anasimama kimya. Mara moja unajua kwamba anataka dume. Wewe hufugi dume. Ng'ombe wako hupandishwa kwa sindano. Kanuni wakulima wengi waijua: ng'ombe akionekana asubuhi, apandishwe jioni, akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi.

Basi unapiga simu. Hujibiwi na mtu, bali na mashine: "Ukitaka Kiswahili, bonyeza 1." Wako wakulima ambao wakisikia hivyo hukasirika na kukata simu. Lakini saa hazingoji. Nafasi hiyo ikipita, utangoja siku kama 21 mpaka ng'ombe atake dume tena, na siku zote hizo atakula majani yako bila kushika mimba. Kwa hiyo yafaa tuijue mashine hii, ilitoka wapi na namna ya kuitumia.

MZISHI ALIYEWACHOKA MAKARANI

Hapo zamani, kila aliyepiga simu alijibiwa kwanza na karani wa simu, naye karani ndiye aliyeunganisha nyaya kwa mikono yake. Huko Marekani alikuwako mtu aliyeitwa Almon Strowger, ambaye kazi yake ilikuwa kuzika maiti. Husimuliwa kwamba alianza kupoteza wateja kwa sababu mke wa mshindani wake alikuwa karani wa simu, na watu waliomtaka Strowger waliunganishwa na mumewe. Hasira yake ilizaa maarifa. Mwaka 1891 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, yaani mashine ya kuunganisha simu bila karani. Mwaka 1892 kituo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana.

Baadaye, mwaka 1896, kikaja kile kisahani cha kuzungusha kwa kidole. Wazee wetu waliofanya kazi maofisini wanakikumbuka. Ukizungusha 3, umeme hukatika mara tatu. Ukizungusha 9, mara tisa. Nayo mashine ya kituoni huhesabu.

VIFUNGO VINAVYOTOA SAUTI

Kisahani kilikuwa na upungufu. Ile mikatiko ya umeme ilifika kituoni tu, ikaishia hapo. Mtu uliyempigia hakuipata, wala mashine yake.

Wataalamu wa Bell Labs huko Marekani wakatafuta njia nyingine, na mwaka 1963 simu ya kubonyeza ikaanza kuuzwa kwa watu. Kila kifungo hutoa sauti mbili kwa pamoja, moja nene na moja nyembamba. Kifungo cha 5, kwa mfano, hutoa sauti ya mitetemo 770 kwa sekunde pamoja na ya mitetemo 1,336. Zilichaguliwa mbili kusudi, maana si rahisi mtu anayeongea, au jogoo anayewika, azitoe zote mbili sawasawa kwa bahati.

Sauti hizi hupita katika njia ile ile ya maneno yako, zikafika hata upande wa pili. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mashine iliyo mbali yaweza kukuuliza swali, ikasikia kifungo ulichobonyeza, ikajua la kufanya. Vifungo vya nyota na alama ya reli viliongezwa mwaka 1968.

BIBI ALIYEONDOA MSONGAMANO

Simu zilipozidi kuwa nyingi, kompyuta za vituoni zililemewa, kama mlango wa kiwanda cha maziwa wakulima wote wafikapo saa moja. Bibi Erna Schneider Hoover, mtaalamu wa Bell Labs, alipata dawa yake. Michoro ya kwanza aliiandika akiwa hospitali, alipokuwa amejifungua mtoto wake wa pili. Mpango wake uliifanya kompyuta ipime wingi wa simu zinazoingia, itangulize kazi zilizo muhimu, na zile zinazoweza kungoja zingoje. Hati ya uvumbuzi huo aliipata mwaka 1971.

UFANYE HIVI

Sasa umejua kwamba ile sauti si ya mtu mwenye kiburi. Ni mashine inayongoja kifungo chako. Basi ukumbuke haya:

1. Kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi: saa uliyomwona ng'ombe akisimama kupandwa, umri wake, siku aliyozaa mwisho, na njia ya kufika kwako.

2. Hakikisha simu ina moto wa kutosha. Kukatika katikati ni kuanza upya.

3. Sikiliza maneno yote kwanza, kisha bonyeza kifungo kimoja, mara moja, ungoje. Haraka haraka haina baraka.

4. Ukiambiwa kifungo cha kuongea na mtu, kiandike mahali. Mashine haimwoni ng'ombe wako. Akiwa mgonjwa, mtafute mganga wa mifugo mwenyewe.

5. Ukipotea njia, kata simu, uanze tena. Hakuna atakayekucheka.

6. Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri ya pesa, hata kama sauti ni tamu na inasema inatoka ofisini. Wezi nao wamejifunza kutumia simu. Ukitiwa shaka, kata, kisha piga wewe nambari unayoijua.

Tena, usiweke matumaini yako yote kwenye nambari moja. Uwe nayo pia nambari ya mtaalamu wa kupandisha aliye karibu nawe, na uibandike ukutani mahali ambapo hata watoto wataiona. Ng'ombe hachagui siku, aweza kutaka dume ukiwa sokoni. Aliye nyumbani, awe mke, mume au kijana, akijua kupiga simu ile na kubonyeza kifungo kinachotakiwa, jioni ile ile ng'ombe wako atakuwa amepandishwa.