Kinachoifanya Baiskeli Iteleze

Kwa ardhi yake tambarare, Tanga ni mji unaopendeza kuuzungukia kwa baiskeli. Hata hivyo, baiskeli mbili zikitoka pamoja Ngamiani kwenda Raskazone, moja huteleza na nyingine humtoa mwendeshaji jasho kabla hajafika mbali. Wengi hudhani tofauti hiyo ni ya uzito: Phoenix ya chuma ni nzito, ya mashindano ni nyepesi, basi mjadala umekwisha. Hesabu inasema vingine. Katika njia tambarare, nguvu ya miguu humalizwa zaidi na tairi na hewa, na uzito wa fremu una sehemu ndogo.

Tuanze na tairi. Kila linapozunguka, sehemu inayogusa barabara hubonyea kisha hujirudisha, na mpira hauirudishi nguvu yote. Sehemu hupotea kama joto. Upepo ukipungua, tairi hubonyea zaidi na hasara huongezeka. Chukua mtu, baiskeli na mzigo wake, jumla kilo 100, wakienda kilomita 15 kwa saa. Kwa tairi legelege, zinaweza kupotea takriban wati 50. Kwa tairi lenye uso laini lililojazwa vizuri, hasara hushuka hadi kama wati 25. Sasa acha tairi legelege vilevile, ila upunguze kilo 10 za chuma: utaokoa wati 5 tu. Kwa kuwa mtu mzima mwenye afya huweza kufanya kazi ya saa nyingi kwa wastani wa wati 75 hivi, wati 25 ni theluthi ya nguvu zake, na pampu peke yake inaweza kumrudishia sehemu kubwa ya nguvu hizo.

Baada ya tairi huja hewa. Kasi ikiongezeka maradufu, hewa husukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Ndiyo maana baiskeli ya mashindano ina usukani wa chini: humwinamisha mwendeshaji ili kifua chake kisiwe tanga. Anayekwenda Pangani kupitia Tongoni na Kigombe wakati wa kusi hulijua jambo hili kwa miguu yake. Akienda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kasi hiyohiyo, anapambana na nguvu mara nne ya ile ya siku shwari, na hapo kuinama kidogo kuna faida kuliko fremu ya bei kubwa.

Msomaji atauliza: mbona basi wanamashindano hugharimia wepesi? Jibu ni milima. Kutoka Mombo hadi Lushoto njia hupanda karibu mita 1,000, na huko kila kilo hubebwa juu kwa nguvu za mwendeshaji. Kilo 10 zikitoka katika 100, kazi ya kupanda hupungua kwa sehemu moja ya kumi. Hoja ya uzito ni ya kweli katika milima hiyo ya Usambara. Katika tambarare ya pwani hupoteza makali yake.

Mwingine atasema kwamba, kama ni hivyo, tairi lijazwe mpaka liwe gumu kama jiwe. Hapana. Kwenye changarawe na mashimo, tairi gumu hurusha baiskeli na mwili mzima, na kila mrusho hula nguvu. Mtetemo huo humdanganya mwendeshaji kwamba anakwenda kasi. Katika njia mbovu, tairi pana lenye upepo wa kiasi linaweza kuwahi kufika.

Gia nazo haziongezi nguvu. Huiwezesha miguu kuzunguka kwa mwendo usioichosha. Baiskeli isiyo na gia inaweza kuhisiwa nzito kwa sababu tu kiti kiko chini mno: goti hubaki limekunjwa sana na paja huchoka mapema. Mnyororo uliojaa mchanga na kutu, gololi zisizo na grisi na breki inayogusa rimu humalizia uharibifu uliobaki.

Kwa hiyo, kabla ya kudunduliza fedha za baiskeli mpya, mpelekee fundi uliyo nayo. Ajaze upepo, asafishe mnyororo na kuutia mafuta, aweke grisi, aachanishe breki na rimu, na apandishe kiti mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini. Kwa safari za mjini Tanga, marekebisho hayo yatakupa wepesi mwingi kuliko kilo utakazonunua kuzipunguza.