Kutoka Mlolongo Hadi Mraba: Kufundisha Mipangilio ya Vita ya Karne ya 19 Katika Uwanja wa Shule

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa kwa nini wazee wetu walishindwa na Wajerumani, mara nyingi hujibu kwa sentensi moja: wazee walikuwa na mikuki, na wageni walikuwa na bunduki. Jibu hili si la uongo, lakini ni pungufu. Lingekuwa kamili, basi yaliyotokea Lugalo, katika nchi ya Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891, yasingewezekana hata kidogo. Siku hiyo watu wenye mikuki walikivunja kikosi chenye bunduki na mizinga kwa muda mfupi mno.

Mwalimu asiyeweza kueleza jambo hili huwaachia watoto imani mbaya, yaani kwamba silaha ndiyo iliyofikiri na mtu alikuwa akiibeba tu. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwanachuo njia ya kulifafanua kwa vitendo, akitumia uwanja wa shule, majivu ya kuchorea mistari, na wanafunzi 48. Tutaanza na maana ya mipangilio ya kikosi, kisha tutaipeleka uwanjani, na mwisho tutarudi Lugalo.

Mipangilio na kazi yake

Katika karne ya 19 jeshi la miguu la Ulaya lilifundishwa kwa batalioni, na batalioni iligawanywa katika kombania. Idadi ya kombania ilitofautiana. Wajerumani walikuwa na nne, na Waingereza kwa miaka mingi ya nusu ya pili ya karne hiyo walikuwa na nane. Batalioni iliweza kujipanga kwa namna kuu tatu.

Ya kwanza ni mlolongo, ambapo kombania hufuatana moja nyuma ya nyingine. Mpangilio huu ni mwepesi kwa safari, kwani kikosi hupita mahali pembamba na hugeuka kirahisi. Udhaifu wake ni kwamba walio mbele tu ndio wanaoweza kupiga risasi.

Ya pili ni mstari, ambapo kombania zote husimama ubavu kwa ubavu katika safu mbili au tatu. Hapo kila bunduki hufanya kazi. Tukumbuke kwamba bunduki ya kujazia mdomoni ilitoa risasi mbili au tatu tu kwa dakika, na haikulenga vizuri mbali. Ili moto uwe na nguvu, ilibidi bunduki nyingi zilie pamoja. Udhaifu wa mstari ni mbavu zake. Adui akiuzunguka, walio katikati hawana msaada wa kutoa.

Ya tatu ni mraba. Kombania hutazama pande nne, singe zikiwa nje, na maofisa na majeruhi wakiwa ndani. Mraba hauna ubavu wala mgongo, hivyo ulikuwa kinga dhidi ya askari wa farasi, kama ilivyoonekana Waterloo mwaka 1815. Udhaifu wake ni mwendo wa polepole, na ni robo tu ya bunduki inayoelekea upande mmoja.

Kwa hiyo hapakuwa na mpangilio ulio bora wakati wote. Ubora ulikuwa katika kubadilika, kutoka mmoja hadi mwingine, kabla adui hajafika. Hii ndiyo sababu askari walikwatishwa gwaride kutwa kucha. Gwaride tunaloliona leo katika sherehe ni mabaki ya kazi iliyokuwa ya kufa na kupona.

Kuanzia kwa yale watoto wanayoyajua

Mwanachuo atakayefundisha Bariadi, Maswa, Meatu au Itilima hana haja ya kuanzia Ulaya. Watoto wake wanachunga. Awaulize: ng'ombe wakipita kijia chembamba kati ya mashamba ya pamba, hutembeaje? Watajibu kwamba hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Na wakifika malishoni? Hutawanyika kwa upana. Tena awaulize: fisi akimrukia ndama aliye katikati ya msururu, mchungaji aliye mbele atajua lini? Watoto watacheka, lakini watakuwa wameshika kiini cha somo: urefu wa msururu huchelewesha habari na msaada.

Vilevile wanaijua ngoma ya bugobogobo, ambamo wachezaji wenye majembe hujipanga na kusogea pamoja kwa mdundo mmoja. Hapo wamekwisha kuuona mstari, na wameona pia kwamba bila mdundo mmoja mstari hupinda na kukatika. Jeshi nalo lilitumia ngoma kwa sababu hiyo hiyo.

Somo uwanjani

Wagawe wanafunzi 48 katika kombania nne za watoto 12. Kila kombania isimame katika safu mbili za watoto sita, mtoto mmoja akichukua nafasi ya hatua moja. Chora kwa majivu mahali pa kila kombania.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Wapange wote katika msururu wa mmoja mmoja, kisha uulize ni wangapi wanaotazama mbele bila kuzibwa na mwenzao. Jibu ni mmoja. Katika mlolongo wa kombania ni sita. Katika mstari ni 24. Katika mraba ni sita kila upande. Andika tarakimu hizo ubaoni mtakaporudi darasani. Watoto ni wale wale 48, na kilichobadilika ni mpangilio peke yake.

Hatua ya pili ni kubadili mlolongo kuwa mstari. Weka hatua sita kutoka mbele ya kombania moja hadi mbele ya inayofuata, yaani sawa na upana wa kombania. Toa amri kila kombania izunguke robo duara kushoto. Mtoto wa kushoto kabisa awe egemeo, ageuke pale pale alipo, na wa kulia kabisa atembee karibu hatua nane kwa mzunguko huku safu ikibaki imenyooka. Wakimaliza, kombania nne zitakuwa zimeungana kuwa mstari mmoja wa watoto 24, ukitazama upande wa kushoto.

Sasa rudia zoezi hilo, lakini weka hatua tatu tu kati ya kombania. Watoto watagongana. Rudia tena kwa hatua kumi, na mstari utakuwa na mapengo. Usiwaeleze sababu upesi, waache waitafute. Watagundua wenyewe kwamba uwezo wa kubadilika ulikuwa umekwisha kuamuliwa wakati wa kutembea, kwa nafasi iliyotunzwa kati ya kombania na kombania.

Hatua ya tatu ni mraba. Rudisha mlolongo, nafasi iwe hatua tatu. Kombania ya kwanza isimame. Ya pili na ya tatu zigawanyike nusu kwa nusu. Nusu za kulia zizunguke kulia, na nusu za kushoto zizunguke kushoto, kila nusu ikitumia mtoto wa ukingo wa nje kuwa egemeo. Ya nne isogee mbele hatua chache kuziba nyuma, kisha iamriwe: nyuma geuka! Nafasi ya hatua tatu, iliyoharibu mstari, ndiyo inayofaa hapa, kwa kuwa nusu kombania ina upana wa watoto watatu.

Tumia saa. Pima muda wa jaribio la kwanza na la tano. Kisha wapitishe watoto kati ya miti au vichaka vilivyo kando ya uwanja, uwaamuru kuunda mraba humo humo. Muda utaongezeka sana, na pengine mraba hautapatikana. Hapo ndipo watakapokuwa tayari kusikia habari za Lugalo.

Lugalo

Mwaka 1891 jeshi la wakoloni wa Kijerumani liliongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo. Alikwenda dhidi ya Wahehe akiwa na kombania tatu za askari Waafrika, maofisa wa Kizungu, mizinga iliyobebwa na punda, na wapagazi wengi. Njia ilikuwa nyembamba, ikipita kwenye vichaka na mawe. Kikosi kilivutika kikawa msururu mrefu, na upelelezi wa pembeni haukutosha.

Jeshi la Wahehe, linalokadiriwa kuwa na watu 3,000, chini ya Mpangile, nduguye Mtwa Mkwawa, lilijificha kando ya njia hiyo. Walitulia hadi msururu ulipoingia. Ishara ya risasi ilipotolewa, waliruka kutoka karibu sana. Zelewski aliuawa mapema. Wazungu 10, askari wapatao 250 na wapagazi karibu 100 walipoteza maisha. Walionusurika hasa walikuwa wa kundi la nyuma, chini ya Luteni Tettenborn, ambalo lilipata nafasi ya kujikusanya mahali pa juu. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300.

Wape watoto hesabu ya kuwasaidia kuelewa. Watu 400 wakifuatana kwa nafasi ya mita 1.5 hufanya msururu wa karibu mita 600. Mtu anayetembea mita 80 kwa dakika huhitaji dakika saba na nusu kutoka mkiani hadi kichwani. Mtu anayekimbia mita tano kwa sekunde hupita mita 30 kwa sekunde sita. Je, amri ya kuunda mraba ingefika kwa nani, na kwa wakati gani?

Mwalimu asisitize kwamba Wahehe nao walikuwa na mpangilio. Kujificha kwa maelfu bila kelele, kungoja ishara moja na kushambulia kwa pamoja ni nidhamu kubwa. Tena walikuwa wamekwisha kupigana na Wangoni kati ya mwaka 1878 na 1882, na vita huwafunza wapiganaji. Tusikubali kabisa usemi kwamba upande mmoja ulikuwa na utaratibu na wa pili ulikuwa na ushujaa tu.

Mfano wa Afrika ya Kusini unathibitisha jambo hilo. Tarehe 22 Januari 1879, huko Isandlwana, Waingereza waliotandazwa katika mstari mrefu na mwembamba walizungukwa na kuangamizwa na Wazulu, ambao jeshi lao lilijipanga kwa kifua na pembe mbili kama za fahali. Tarehe 4 Julai mwaka huo huo, huko Ulundi, Waingereza walijipanga mraba, wakashinda. Silaha kuu za pande zote mbili zilikuwa zile zile, lakini mpangilio ulikuwa tofauti.

Hata hivyo tusitie chumvi. Wajerumani walirudi wakiwa na kikosi kikubwa zaidi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 waliiteka Kalenga. Pale Wahehe walingoja ndani ya ngome, wakapoteza faida yao kubwa ya Lugalo, yaani kuchagua mahali na saa. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Silaha zilikuwa na uzito wake. Tunalolikataa ni kuzifanya kuwa sababu pekee.

Maonyo kwa mwalimu

Kwanza, usiwagawe watoto kuwa Wajerumani na Wahehe wapigane. Fimbo hazina kazi katika somo hili, na mtoto aliyewekwa upande wa walioshindwa hudhihakiwa hadi nyumbani. Mazoezi ya uwanjani ni ya umbo, hesabu na muda, na habari za vita zisimuliwe darasani.

Pili, usilitumie gwaride kama adhabu. Mtoto akikwatishwa kwa kosa, siku ya somo atakuja uwanjani akiwa na hofu, na mwenye hofu haulizi maswali.

Tatu, wataje waliokufa wote. Askari wengi wa Zelewski walikuwa Waafrika walioandikishwa mbali, wakiwemo Wasudani. Wapagazi walibeba mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao. Mtoto akihesabu Wazungu 10 na kuwasahau hao wengine, hesabu yake ina kosa, na historia yake pia.

Hitimisho

Kupima mafanikio ya somo, mwalimu asiulize tarehe peke yake. Aulize hivi: «Kikosi chenye bunduki kilishindwaje Lugalo, na kwa nini ushindi huo haukurudiwa Kalenga?» Mwanafunzi atakayejibu kwa kutaja njia, nafasi, muda, nidhamu na silaha, kila kimoja mahali pake, amejifunza Historia. Akichora na mchoro wa mlolongo unaogeuka mraba, amejifunza na Hisabati. Na atakayeandika kwamba mikuki ilishindwa na bunduki, kisha akaweka nukta, arudishwe uwanjani akahesabu tena wenzake 48.