Kinachompatia Kazi Mtengeneza Video

Kijana anayetaka kuingia katika kazi ya video, Dar es Salaam au Nairobi, huambiwa kwanza atafute kamera nzuri. Ushauri huo umewapotezea wengi fedha. Simu janja nyingi sasa hurekodi kwa kiwango cha 4K, na DaVinci Resolve, programu inayosifika Hollywood kwa kusahihisha rangi, ina toleo la bure. Adimu ni mtu anayeijua kazi.

Sauti ndiyo hutenganisha fundi na mbahatishaji. Mtazamaji huvumilia picha yenye kiza kidogo, lakini mahojiano yaliyomezwa na mlio wa bodaboda huyaacha mara moja. Maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye kola hushinda ya bei ghali iliyowekwa mita tatu kutoka kwa msemaji. Muhimu zaidi, anayerekodi avae hedifoni, maana kasoro ikigunduliwa wakati wa kuhariri, msemaji ameshaondoka.

Kisha kuna umeme, somo ambalo vijana wengi hawafundishwi. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu na LED nyingi za bei nafuu hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde. Simu iliyopangwa kiwandani kurekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa shata (muda wa lenzi kupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, haiendi sambamba na taa hizo. Kwenye picha hutambaa mistari ambayo mhariri huiondoa kwa taabu kubwa. Fremu 25 na shata ya 1/50, ambayo hukusanya mimweko miwili kamili kwa kila fremu, humaliza tatizo bila gharama yoyote.

Kwenye matangazo, mteja hununua matokeo. Matangazo mengi ya YouTube huweza kurukwa baada ya sekunde 5, hivyo bidhaa isiyoonekana mapema huenda isionekane kabisa. Tangazo hilohilo hutakiwa kwa umbo la 16:9 la televisheni na 9:16 la simu, na mpigapicha makini huacha nafasi ya kukata tangu siku ya kurekodi. Manukuu nayo ni lazima, kwa kuwa abiria wengi wa daladala hutazama simu zikiwa kimya.

Mwaka 2018 kampuni ya televisheni ya kulipia ya MultiChoice ilianzisha mafunzo ya Talent Factory mjini Nairobi, ambako vijana wa Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia walisoma kwa miezi 12 huku wakitengeneza filamu. Mpango huo ulikuwa sahihi: ufundi huu hushika kwa kufanya.

Asiye na chuo aanze na duka la jirani. Alitengenezee tangazo la sekunde 30, alikate upya la sekunde 15 na la 6, atumie muziki wenye kibali, na ahifadhi nakala mbili za faili zote. Saa moja ya video ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45, kwa hiyo bei ya diski iingie kwenye hesabu anayompelekea mwenye duka.