Kaulimbiu Inapopata Wa Kuitenda

Tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata madaraka ya kujitawala, Jomo Kenyatta aliwaachia wananchi neno moja: Harambee. Halikuwa geni masikioni mwao. Wachukuzi na mabaharia wa pwani walikuwa wakiliitia walipovuta kamba au kuinua mzigo mzito, ili nguvu za wote zitoke kwa mpigo mmoja.

Kaulimbiu za kisiasa zimerithi ufundi huo. Msemaji hutamka nusu, umati humalizia. Kwenye mikutano ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, "Uhuru!" iliitikiwa "na Umoja!", na baada ya uhuru wa 1961 ikaja "na Kazi!". Aliyeitikia hakuwa tena msikilizaji. Alikwisha kutoa kauli mbele ya majirani zake, na kuikana kauli hiyo kuna aibu yake.

Ufundi wa pili ni ufupi. "Mtu ni Afya", "Kilimo Kwanza", "Hapa Kazi Tu": hakuna kitenzi cha kuamrisha, hakuna wakati, hakuna anayetajwa kwa jina. Kila mtu hujiweka mwenyewe ndani yake, mkulima kwa namna yake na karani kwa yake. Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu: kauli isiyomtaja mtu yeyote haimtumi mtu yeyote. Lazima pawepo utaratibu wa kuonyesha nani afanye nini, na lini.

Tanzania iliuonyesha utaratibu huo mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vidogo kila wiki, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu pamoja, kisha wakajadili malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Mjadala haukuishia kwenye maneno, kwani wanakikundi walitakiwa waamue hatua ya kuchukua kijijini kwao: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yaliyoizunguka nyumba. Vyoo vikachimbwa kwa maelfu. Maneno matatu ya kaulimbiu hayakutaja choo hata kidogo. Kilichokitaja ni kijitabu, na aliyefuatilia ni jirani.

Siasa ni Kilimo, tamko lililotolewa na TANU mjini Iringa mwaka 1972, lilikutana na hali nyingine. Wakulima wengi walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vipya, baadhi mbali na mashamba waliyoyazoea, na ukame wa 1973 na 1974 ukazidisha ugumu. Serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi nje ya nchi, na wito ukapandishwa sauti: Kilimo cha Kufa na Kupona. Sauti ilipanda, ila mvua na umbali wa shamba havikuwa mikononi mwa aliyeambiwa alime.

Hata wito uliofanikiwa huweza kubadilika tabia. Kwa Harambee wanakijiji wa Kenya walijenga zahanati, miradi ya maji na shule nyingi, hata katika miaka ya 1970 sekondari za harambee zikazipita kwa idadi zile za serikali. Baadaye michango ikawa jukwaa la wanasiasa kuonyeshana mifuko, na mahali pengine mwananchi alitozwa badala ya kuombwa. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya maofisa wa umma iliwawekea watumishi hao mipaka katika uchangishaji.

Kaulimbiu nyingine hazianzishi kazi mpya. Nchini Tanzania, John Magufuli aliingia kwenye kampeni ya urais ya 2015 na Hapa Kazi Tu, ahadi ya nidhamu na kasi. Alipofariki akiwa rais Machi 2021, makamu wake Samia Suluhu Hassan alishika madaraka, na ikasikika Kazi Iendelee. Kwa watumishi, wakandarasi na wananchi waliokuwa na wasiwasi, wito huo ulifanya jambo moja mahususi: uliwaambia kwamba miradi iliyokwisha kuanza haitasimama.