Riwaya gani ya Kiswahili tuanze nayo hapa Lubumbashi?

Mwanafunzi wa kitivo chetu akiomba apendekezewe riwaya ya Kiswahili, jibu huwa karibu lile lile. Atatajiwa Kusadikika ya Shaaban Robert kwa sababu ina sifa, au Nagona ya Euphrase Kezilahabi kwa sababu wataalamu wameiandikia makala nyingi. Anaazima nakala, anasoma kurasa kumi na tano, anairudisha. Ukimuuliza, hasemi kwamba kitabu kimemchosha. Anasema: "Kumbe mimi sijui Kiswahili." Mtu aliyekulia Katuba au Kamalondo, aliyetania, kugombana na kulia msibani kwa Kiswahili maisha yake yote, anatoka kwenye kitabu kimoja akiamini kwamba lugha hiyo si yake. Kwa maoni yangu kosa ni la aliyempendekezea.

Tuangalie ugumu wenyewe uko wapi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kufuatana na uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kiswahili chetu cha Katanga kilipita njia nyingine, ile ya misafara ya biashara na baadaye kambi za migodi, kikaishi pamoja na Kibemba, Kiluba, Kisanga na Kifaransa. Watu hudhani kinachotutenga na vitabu vya Tanzania ni msamiati. Sivyo. Msomaji wa bukari na sombe hachukui muda kutambua ugali na kisamvu, na aliyezoea kusema batoto haangushwi na watoto. Kinachochosha ni sarufi ya urejeshi. Sisi tunasema kitabu yenye nilisoma, kirejeshi kinasimama peke yake mbele ya kitenzi. Mwandishi wa pwani anaandika kitabu nilichokisoma, na ndani ya neno hilo moja kuna nafsi, wakati, kirejeshi, mtendwa na mzizi. Sentensi ikibeba maneno matatu ya namna hiyo, jicho lililozoeshwa riwaya za Kifaransa linasimama. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu kitabu, ni vema kuuliza sentensi zake zimejengwaje, hata kabla ya kuuliza kinahusu nini.

Mimi ningeanza na Rosa Mistika ya Kezilahabi huyo huyo, iliyotoka mwaka 1971. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Sentensi zake ni fupi, na wako waliomlaumu kwamba Kiswahili chake hakina utamu wa pwani. Lawama hiyo kwetu ni faida. Anaandika kama mtu anayejua Kiswahili vizuri bila kukinyonya kwa mama yake, na wengi katika kitivo hiki wako hivyo hivyo. Ulimwengu wake nao tunaujua: familia ya Kikatoliki yenye majina kama Zakaria, Regina na Rosa, baba mlevi, masista, shule ya bweni, barua ya mvulana inayoleta kipigo. Zakaria anamfungia binti yake kila mlango, na riwaya inauliza binti huyo atafanya nini siku atakapokuwa mbali na baba. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, kisha baadaye kikaingizwa humo humo kama kitabu cha kusomwa. Mwisho wake siusemi. Nasema tu kwamba nilikisoma kwa siku mbili, na kwa muda mrefu sikuelewana na rafiki yangu mmoja kuhusu nani wa kulaumiwa.

Cha pili kiwe Kuli cha Shafi Adam Shafi, mwaka 1979. Hapa tunaingia Unguja yenyewe, na urejeshi unaanza kuongezeka, lakini msomaji wa Lubumbashi ana kitu cha kushikilia. Rashidi ni mtoto wa kuli wa bandarini na yeye mwenyewe anakuwa kuli. Riwaya inamfuata mpaka kwenye mgomo wa wafanyakazi wa Unguja wa mwaka 1948. Nani katika mji huu hana babu au mjomba aliyefanya kazi Union Minière au Gécamines? Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa, mji ulipoitwa Elisabethville, wakapigwa risasi wakiwa wamekusanyika uwanja wa mpira. Ukijua hilo, mazungumzo ya makuli juu ya mshahara hayahitaji kamusi. Unajua tayari wanaogopa nini na kwa nini mmoja wao anasita. Maana ya neno usilolijua inakuja kutokana na hali, na ndivyo tulivyojifunza lugha zetu zote.

Kwa wenzetu waliotoka Kivu ningeweka kitabu kingine kabla ya Kuli, ingawa ni kinene: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza. Kiliandikwa kwa Kikerewe na kukamilika mwaka 1945, kisha mwandishi mwenyewe akakitafsiri kwa Kiswahili. Kilichapwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata alifariki. Kinaeleza mume na mke wasio na mtoto, na wakwe wanaomchukua binti yao mpaka mume alete pombe ya ndizi. (Watu wa Bukavu wataiona kasiksi yao hapo bila kuambiwa.) Kikerewe, Mashi na Kinande ni lugha za Kibantu za Maziwa Makuu, na anayesoma isimu atahisi zile salamu ndefu na taratibu za ukwe zikipumua chini ya Kiswahili cha tafsiri. Asiyependa mwendo wa pole asikiguse. Kuna kurasa nzima za kulima na kupika. Mimi nilizipenda hizo kuliko nyingine.

Baada ya hapo nashauri kusoma vitabu viwili pamoja. Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Shafi tena, mwaka 1978, ina mtumishi anayeitwa Kijakazi anayemtumikia tajiri wa mashamba ya karafuu kwa moyo wote, kana kwamba dhuluma ni amri ya dunia. Imetafsiriwa kwa Kifaransa kwa jina la Les girofliers de Zanzibar. Atakayebahatika kupata zote mbili alinganishe sura moja moja. Pembeni yake asome maandishi ya kwetu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu mjini hapa. Si riwaya. Ni historia ya mji kwa Kiswahili cha mji, na Johannes Fabian aliyatoa tena mwaka 1990 pamoja na uchambuzi. Katika riwaya mtumishi anasimuliwa na mwandishi msomi. Kwa Yav watumishi wanasimulia wenyewe, na hawamsifu bwana. Aliyesema hajui Kiswahili ataona huko Kiswahili chake kikibeba historia ya miaka mingi kwa maandishi. Nashangaa kwamba tunamaliza masomo bila kupewa hata ukurasa wake.

Kuhusu namna ya kusoma nina neno moja tu: someni kwa sauti, wawili wawili. Kiswahili tulikipokea kwa sikio, na mara nyingi sentensi iliyogoma machoni inafunguka mwenzako akiisoma. Nakala ni chache, nyingi zinakuja na wasafiri wanaopitia Kasumbalesa na Tunduma, kwa hiyo hata bila ushauri huu tungelazimika kukaa wawili kwenye kitabu kimoja.

Vuta n'kuvute, ya Shafi pia, mwaka 1999, ifuate kwa raha zake. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, na msomaji aliyefika hapo hatahitaji kusukumwa. Kusadikika ije wakati mtu ameanza kufurahia sentensi ndefu yenye mizani, maana utetezi wa Karama mbele ya baraza unategemea ufasaha. Nagona ni nyembamba, na wembamba wake unadanganya. Mpeni mtu wa mwaka wa mwisho, na mumwambie mapema kwamba hata wanaoifundisha hawakubaliani inasema nini.