Kifungo cha Pili: Mapenzi ya Upande Mmoja katika Nyimbo za Mahafali za Kijapani

Nchini Japani mwaka wa masomo huanza mwezi wa Aprili na kukamilika mwezi wa Machi. Jambo hili, ambalo kwa mgeni ni suala la ratiba tu, limezaa utanzu mzima wa nyimbo. Mahafali hufanyika mwezi wa Machi, baridi ikielekea kwisha. Jijini Tokyo na viunga vyake, mti wa sakura, yaani mcheri, huanza kuchanua mwishoni mwa mwezi uo huo, na maua yake hayachukui muda kabla ya kupukutika. Anayehitimu basi huagana na wenzake majira yakibadilika, na majuma machache baadaye huenda akawa katika mji mwingine, miongoni mwa watu wasiomjua. Ikiwa kuna neno ambalo hajamwambia mwanafunzi mwenzake, siku ya mahafali ndiyo fursa yake ya mwisho ya kulitamka. Nyimbo nyingi za msimu huo zinahusu neno hilo, na aghalabu zinahusu kutotamkwa kwake.

Wajapani wana istilahi mahususi ya mapenzi ya namna hii: kataomoi. Kata ni upande mmoja wa kitu ambacho kwa kawaida huwa na pande mbili, mithili ya kiatu kimoja kilichopotezana na chenzake. Omoi ni wazo au hisia. Dhana yenyewe ni kongwe. Katika diwani ya Kokinshu, iliyokusanywa kwa amri ya mfalme mwanzoni mwa karne ya 10, vitabu vitano kati ya 20 vinahusu mapenzi, na kitabu kingine kizima kinahusu kuagana. Mashairi hayo ni mafupi mno, yenye mizani 31 tu, na vitabu vya mapenzi vimepangwa kufuata safari ya moyo: mwanzo ni shauku ya mtu ambaye hata hajakutana na ampendaye. Wapenzi waliofanikiwa hawakupewa nafasi kubwa. Mshairi wa zama hizo alivutiwa zaidi na kungoja, kuficha na kukosa.

Hata hivyo, nyimbo za kwanza za mahafali hazikuwa na mapenzi hata chembe. Serikali ya enzi ya Meiji ilipoanzisha elimu ya kisasa iliandaa vitabu vya nyimbo za shule, na humo mkatoka nyimbo mbili zilizotawala mahafali kwa takriban karne nzima. "Hotaru no Hikari", yaani mwanga wa vimulimuli, ulichapishwa mwaka wa 1881 kwa lahani ya Kiskoti iliyozoeleka ulimwenguni kote katika kuaga mwaka. Kichwa chake kinarejelea ngano ya Kichina ya msomi maskini aliyedurusu vitabu usiku kwa mwanga wa wadudu hao. "Aogeba Totoshi" ulifuata mwaka wa 1884, nao ni shukrani kwa walimu. Kwa muda mrefu asili ya lahani yake ilibishaniwa, hadi mwaka wa 2011 mtafiti mmoja alipobaini kuwa imo katika kitabu cha nyimbo kilichochapishwa Marekani mwaka wa 1871. Nyimbo zote mbili huimbwa na umma kwa niaba ya umma: nafsineni ni "sisi", wala hakuna "mimi" anayetetemeka pembeni.

Huyo "mimi" aliletwa na treni. Kuanzia mwaka wa 1954 hadi 1975, treni maalumu ziliwasafirisha vijana waliomaliza shule ya upili ya awali, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 15, kutoka mikoa ya mashambani hadi viwandani na madukani mijini. Waajiri waliwaita mayai ya dhahabu. Kuhitimu kukawa sawa na kuondoka, na jukwaa la stesheni likawa mandhari ya wimbo wa kuagana. Ni wazi kwa nini "Momen no Hankachifu", ulioimbwa na Hiromi Ota mwaka wa 1975, uliwagusa wengi: ni majibizano ya mvulana aliyekwenda mjini na msichana aliyebaki. Kila ubeti mvulana anazidi kuwa wa mjini. Mwishowe anakiri kwamba harudi, na msichana anaomba zawadi moja tu, leso ya pamba ya kufutia machozi. Mwaka huohuo Iruka aliimba "Nagoriyuki", utunzi wa Shozo Ise, ambamo mwanamume anamsindikiza msichana kwenye treni huku theluji ya nje ya msimu ikianguka. Anatambua uzuri wake wakati ambapo utambuzi huo haumfai kitu.

Wimbo unaodhihirisha vyema jinsi maudhui haya mawili yalivyoungana ni "Okuru Kotoba" wa kundi la Kaientai, uliotoka mwaka wa 1979. Ulikuwa wimbo wa utambulisho wa tamthilia ya televisheni kuhusu mwalimu wa shule ya upili ya awali, na mwimbaji wake, Tetsuya Takeda, ndiye aliyeigiza nafsi ya mwalimu huyo. Kutokana na tamthilia hiyo wimbo uliingia katika kumbi za mahafali kote nchini, na ukachukuliwa kuwa nasaha za mwalimu kwa wanafunzi wake. Lakini Takeda, aliyeandika maneno yake, ameeleza kuwa yalitokana na kukataliwa na msichana aliyempenda ujanani. Maelfu ya watoto wamewaaga walimu wao kwa maneno ya mwanamume aliyeachwa.

Mkanganyiko huo usingewezekana kwa urahisi katika kila lugha. Kijapani huruhusu kiima kidondoshwe, na "yule mtu" wa Kijapani habainishi jinsia wala uhusiano. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani "yeye" wetu naye haonyeshi kama ni mume au mke. "Sotsugyo Shashin", wimbo wa Yumi Arai wa mwaka wa 1975 kuhusu mtu anayetazama picha ya mahafali, unanufaika na sifa hiyo: aliyemo pichani anaweza kuwa mpenzi, rafiki au mwalimu, na kila msikilizaji huweka sura aliyonayo moyoni.

Muongo wa 1980 ndio uliokomaza utanzu huu, na ishara yake kuu ni kifungo. Sare ya jadi ya wavulana ni koti jeusi lenye kola ya kusimama na vifungo vitano vya shaba. Ilizoeleka kwamba siku ya mahafali msichana humwendea mvulana ampendaye na kumwomba kifungo cha pili kutoka juu, ambacho, kwa maelezo yaliyoenea, ndicho kilicho karibu zaidi na moyo. Mila hii ina busara yake. Humwezesha mtu kukiri bila kukiri. Akinyimwa, ameomba kifungo tu. Katika "Haru Nanoni" wa mwaka wa 1983, ulioandikwa na Miyuki Nakajima na kuimbwa na Yoshie Kashiwabara, nafsineni anaomba kifungo kimoja cha kumbukumbu, kisha anasema atakitupa angani. Mwaka wa 1985 zilitoka nyimbo nne tofauti zenye anwani moja, "Sotsugyo", yaani kuhitimu, katika muda wa miezi michache. Ule wa Yutaka Ozaki ni wa uasi dhidi ya shule na hauna nafasi hapa. Wa Yuki Saito unaanza na mvulana anayekimbia huku akijikuna kichwa, wanafunzi wa madarasa ya chini wakimwandama kwa ajili ya vifungo vyake, naye msichana anamtazama bila kulia. Analihifadhi chozi lake kwa huzuni kubwa zaidi ijayo.

Ulio bora kuliko yote pengine ni "Seifuku", yaani sare, wa mwaka wa 1982. Haukukusudiwa hata kuwa wimbo mkuu: uliwekwa upande wa pili wa sahani ya santuri ya Seiko Matsuda. Maneno ni ya Takashi Matsumoto, na lahani ni ya yuleyule Yumi aliyetajwa juu, akitumia jina la bandia. Mvua inanyesha siku ya mahafali. Katika wimbi la miavuli msichana anajipenyeza hadi awe kando ya mvulana, akijitahidi ionekane kama imetukia tu. Mvulana anahamia mjini mwezi wa Aprili. Msichana anataka kufunua moyo, kisha anajizuia, kwa kuwa wao ni wanadarasa tu. Anachobaki nacho ni karatasi iliyolowa yenye anwani ya Tokyo. Hakuna tamko la huzuni linalolingana na juhudi ile ya kutembea kando ya mtu "kwa bahati".

Mwanzoni mwa karne ya 21 sakura ilichukua nafasi ya kifungo. Naotaro Moriyama mwaka wa 2003, Kobukuro mwaka wa 2005 na Ikimono-gakari mwaka wa 2006 wote walitoa nyimbo zenye jina la ua hilo, na taswira ya petali zinazopeperuka ikaanza kuchakaa kwa kutumiwa mno. Ajabu ni kuwa baadhi ya nyimbo zinazopendwa hazikutungiwa mahafali kamwe: "Sangatsu Kokonoka" wa Remioromen, wa mwaka wa 2004, ulitungwa kwa ajili ya arusi ya rafiki.

Shule nyingi sasa zimeacha koti la kola ya kusimama na kuvaa koti la kawaida la tai, ambalo kifungo chake cha pili kiko tumboni. Mwisho wa Februari 2020 serikali iliomba shule zote zifungwe kwa sababu ya korona. Mahafali yakafupishwa, na kwingi kuimba kukaondolewa. Miezi michache baadaye lilijadiliwa pendekezo la kuhamishia mwanzo wa mwaka wa masomo Septemba. Pendekezo liliwekwa kando. Machi 2021 wahitimu walikusanyika tena wakiwa na barakoa, na katika baadhi ya shule nyimbo za kuagana zilisikika kutoka kwenye vipaza sauti, waimbaji wenyewe wakiwa wamesimama kimya.